Fundi Aliyeuliza Pima Maji Mara Mbili

Fundi akiingia nyumbani kwako hakuanza na watu. Alianza na sakafu. Utamkaribisha, utamsogezea kigoda, na yeye bado yuko mlangoni anapapasa kizingiti kwa unyayo. Akimaliza hapo ndipo anasema shikamoo kwa wanaostahili, anaitikia za wadogo, anakaa. Na akishakaa tu, swali la kwanza: nani alijenga hii? Ukimtajia aliyejenga, ananyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa aina mbili, na sisi wa Kihanga tulizijua zote. Kulikuwa na kunyamaza kwa kuridhika, ambako hakukudumu, maana mara angeanza kusema kwamba huyo aliyejenga alijifunza kwake. Na kulikuwa na kunyamaza kwa kumheshimu mwenye nyumba, ambako kulimtoa jasho.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake, kwa sababu hakuwahi kuniambia na mimi sikuwahi kumuuliza. Upande wetu wa Karagwe watu wengi walifika tu, wengine wakitokea ng'ambo ya mto, wengine wakitokea kilima cha pili, na migomba yao ikishaanza kuzaa hakuna aliyeendelea kuwahoji. Yeye alikaa njia ya Bweranyange, ana kibanja kizuri cha ndizi na kahawa, ana mke mwenye ulimi mkali kuliko wake, na Jumapili anaimba sauti ya nne katika kwaya ya Kilutheri. Jina analo. Lakini hata mchungaji alimwita Fundi, na mimi nikimtaja kwa jina lingine nitaona kama namsema mtu mwingine kabisa.

Alikuwa mtu wa kujisifu, jamani. Usidhani nakuletea habari za mzee mpole anayeinamisha kichwa. Akipita mbele ya nyumba aliyoijenga alipunguza mwendo ili na wewe upunguze, kisha anasubiri uisifie. Usipoisifia, anaisifia mwenyewe. Siku moja tulikuwa kwenye msiba, jeneza linatolewa mlangoni, watu wanalia, mimi nalia, nikamsikia nyuma yangu ananong'ona kwamba mlango ule ungejengwa na mtu mwingine jeneza lingekwama. Nilijifunika kanga usoni. Watu wakadhani nimezidiwa na uchungu.

Mwili wake ulikuwa mrefu na mkavu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa utosini, na suruali zake zote zilikuwa zimechanika magotini. Hiyo haikuwa shida ya umaskini. Alipiga magoti kutwa nzima, maana alisema huwezi kusoma pima maji ukiwa umesimama, utaisoma vile unavyotaka wewe. Mkewe alishona viraka, akachoka, akamwambia achague: ama ahamie kanisani akapige magoti kwa faida, ama ajishonee mwenyewe. Alijishonea mwenyewe. Viraka vilikuwa vimekaa upande, na wala hakujali.

Hiyo pima maji ndiyo aliyoipenda kuliko kitu chochote. Kwa asiyeijua, ni kipande cha ubao kilichonyooka, katikati kimewekwa kichupa cha kioo chenye maji na kiputo kidogo cha hewa. Ukikiweka juu ya tofali, kiputo kikikaa katikati, tofali limelala sawa. Kikikimbilia upande mmoja, upande huo ndio uliopanda. Fundi aliibeba ndani ya kitenge cha mkewe, mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto. Watoto wa njiani walimcheka. Aliwaambia kwamba huyu wake halii.

Namna alivyoinunua niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Amin, maduka ya Kayanga yana rafu tupu na wenye maduka wamekaa tu wanafukuza nzi. Siku hiyo mzigo ulikuwa umefika. Mimi nilifuata sabuni, nikamkuta Fundi amesimama mbele ya kaunta, pima maji kadhaa zimepangwa mbele yake: moja ndefu ya bati inayong'aa, nyingine fupi yenye rangi nyekundu, na moja ya mbao, ya kawaida, imekwaruzwa pembeni. Mwenye duka alikuwa anamsifia ile inayong'aa. Fundi aliilaza kwenye kaunta, akainama akatazama kiputo, kisha akaigeuza, upande wa kulia ukaenda kushoto na wa kushoto ukaja kulia, akaiweka pale pale, akatazama tena. Akafanya hivyo na ya pili. Akafanya na ya tatu. Nyuma yetu foleni inazidi kuwa ndefu.

Mwenye duka akamuuliza kwa hasira anatafuta nini humo.

"Naiuliza mara mbili," Fundi akasema. "Ikisema neno moja mara zote, ni mkweli."

Akanieleza na mimi, kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. Ukiigeuza, na kiputo kikarudi kuelemea upande ule ule wa duka, basi kaunta ndiyo imeinama na pima maji inasema kweli. Lakini kiputo kikigeuka pamoja na ubao wake, kikaelemea upande wa pili wa duka, basi kaunta haina kosa, pima maji yenyewe ndiyo inadanganya. Ile inayong'aa ilikuwa inadanganya. Nyekundu nayo ilidanganya kidogo, na tena ilikuwa fupi mno. Alisema fupi hukupa habari za tofali moja tu, haijui ukuta. Ndefu sana nayo haiingii dirishani. Akachukua ile ya mbao iliyokwaruzwa. Wakati wa kutoka alimwambia mwenye duka kwamba kaunta yake imeinamia mlangoni, na mimi nikamvuta shati tukaondoka kabla hatujatukanwa.

Sasa pima maji inatosha kwa ukuta, lakini haiwezi kuruka kutoka pembe moja ya nyumba mpaka pembe nyingine. Kwa hilo alikuwa na mpira, mwembamba, wa kuonyesha maji ndani, alioutafuta mpaka mpakani Murongo. Anaujaza maji, mtu mmoja anashika ncha hii kwenye pembe hii, mwingine anashika ncha ile kwenye pembe ile, na mahali maji yanaposimama ndani ya mpira, huku na kule, ndipo penye usawa mmoja. Hata katikati kukiwa na kichuguu, maji hayajali. Unachora alama kwa msumari, unahamia pembe nyingine.

Na hapa ndipo nilipomshangaa. Fundi hakuwa na subira na kitu chochote duniani. Alikunywa chai inamuunguza, alikatiza maneno ya watu, aliondoka kanisani kabla ya matangazo. Lakini akishika mpira ule alikuwa mtu mwingine. Maji yanapanda, yanashuka, yanapanda kidogo, na yeye ametulia, hapepesi. Ukimuuliza kama tuchore, anasema, "Ngoja yatulie." Ukimuuliza tena, hajibu. Anayasemesha maji kwa Kinyambo, polepole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe wakati wa kukamua.

Usidhani hakuwahi kukosea. Alikosea, na kosa lenyewe lisingeweza kufanywa na mtu wa mahali pengine. Alikuwa anajenga kule Nyakatuntu, jua kali, na maji ndani ya mpira hayaonekani vizuri kwa sababu ni meupe na mpira umezeeka. Wengine hutia buluu ya kufulia. Buluu hakuna. Mwenye nyumba alikuwa amekamua ndizi siku hiyo, na Fundi akaona mramba ule, juisi ya ndizi mbivu, ya rangi ya kahawia, inaonekana vizuri kabisa. Akajaza mpira mramba. Jioni akachora pembe mbili, akaona kazi ni safi, akautundika mpira kwenye mti ili asubuhi amalizie. Asubuhi akachora pembe mbili zilizobaki. Sasa nani kwetu hajui mramba ukilala usiku unafanya nini? Ulikuwa umeshaanza kuwa pombe. Ndani ya mpira mna povu, povu linasukuma upande huu, linasukuma upande ule. Msingi ulipanda pembe moja mpaka mbuzi akaona.

Mwenye nyumba alikuwa hajagundua. Fundi aliubomoa mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akauanza upya bila kudai chochote, na kwa miaka yote iliyofuata aliisimulia hadithi hiyo yeye mwenyewe, kwa sauti ya juu, akijicheka kuliko wasikilizaji. Mtu wa ajabu. Ukimwambia nyumba yake haipendezi, anakasirika wiki nzima. Lakini kosa lake la kweli alilitangaza kama tangazo la ndoa.

Alikuwa na mengine ya kupingana hivyo hivyo. Nyumbani kwake vigoda vyote vilikuwa vinacheza. Vyote! Kitanda kiliwekewa jiwe mguu mmoja. Nilipomuuliza alisema kigoda kinachocheza kinamkumbusha mgeni kwenda kwao. Hakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya kanisa, lakini alijua pombe ya nani imeiva na ya nani imechacha kwa kunusa tu njiani. Alidai hana muda na wanawake kwenye kazi za ujenzi, na bado aliyeshika ncha ya pili ya mpira wake wakati wa nyumba ya maisha yake, ni mimi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi Mwanza, anakuja Krismasi. Mimi nilikaa Kihanga na watoto na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anaishi kwenye msonge wake, nyumba ya duara ya nyasi, ile ya zamani, aliyoingia akiwa bibi harusi. Nguzo ya katikati ilikuwa imeliwa na mchwa hata ukiigonga inasikika tupu. Nyasi zilikuwa zimeoza, na wazee waliojua kuezeka vile walikuwa wameisha. Mvua ikinyesha alihamisha mkeka wake kutoka huku kwenda kule, asubuhi anakohoa. Nilimpenda yule mama. Alinipokea mimi, mtoto wa watu, akanifundisha kibanja, hakuniinulia sauti hata mara moja. Nilitaka kitu kimoja tu: alale pakavu kabla masika hayajaingia na kuiangusha nguzo ile juu yake.

Tukachoma matofali. Mume wangu akatuma bati. Nikamwita Fundi.

Uwanja wetu uko kwenye mteremko, bonde liko chini, migomba inashuka safu kwa safu. Mwenzake Fundi wa kushika mpira hakutokea asubuhi ile, alikuwa na homa. Fundi akazunguka akitafuta mwanamume, hakumpata, akanitazama mimi. Nikafunga kanga yangu vizuri nikashika ncha. Siku nzima nilisikia "ngoja yatulie" mpaka nikaiota. Kabla ya kuanza tulikutanisha ncha mbili mahali pamoja, tukaona maji yamesimama sawa, ndipo tukatengana. Tulipomaliza tukakutanisha tena, kuona kama hakuna hewa iliyoingia. Hata maji aliyauliza mara mbili.

Ukuta ukapanda. Ulipofika usawa wa kuweka kenchi za paa, maneno yakaanza. Ukisimama njiani ukaitazama nyumba ile, ulikuwa unaona imenyanyua kichwa upande wa bonde. Kweli nakuambia, hata mimi niliona. Ardhi inashuka, migomba inashuka, ua linashuka, kila kitu kwetu kinashuka pamoja, halafu katikati yake kuna ukuta mmoja uliolala sawa. Jicho la mtu wa mlimani haliamini. Wapita njia wakasimama. Wakatikisa vichwa.

Mama mkwe akaja na fimbo yake, akatazama. Akaingia ndani, akaniomba mkeka. Nikautandika mahali pa chumba chake, juu ya sakafu iliyoshindiliwa. Akalala chali, kichwa upande wa mlima, kama alivyolala maisha yake yote. Kisha akainuka akiwa ameshika kisogo.

"Mwanangu," akaniambia, "kichwa changu kinashuka. Nyumba hii itaniangusha kwa nyuma. Mimi nitabaki kwangu."

Nilijua akisema neno hilo halirudi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, naye akaja juu. Akamwambia Fundi apunguze matofali upande wa bonde, atie udongo sakafuni upande wa mlima, kidogo tu, mama aridhike, mambo yaishe. Si nyumba ya mama? Basi ikae anavyoiona mama.

Fundi akawa anafungasha. Alikunja uzi, akaviringisha mpira, akaifunga pima maji kwenye kitenge. Alimwambia shemeji kwamba yuko tayari kujenga nyumba mbaya kama mwenye nyumba anataka nyumba mbaya, lakini hawezi kumpa mama wa watu nyumba iliyoinama huku akimwambia imesimama. Mvua ikija itajua, alisema. Akaondoka, na mawingu yalikuwa tayari yameanza kukaa juu ya vilima.

Nilimfuata kesho yake nikiwa na mkungu kichwani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kinachocheza, amenuna, na mkewe ananipokea kwa kicheko, ananiambia nimpeleke tu mgonjwa wangu, maana tangu jana anampimia hata sufuria. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikamwambia sikuja kumwomba aiharibu nyumba. Nimekuja kumwomba arudi aongee na mama mwenyewe, si na shemeji. Nikamwambia habari ya nguzo ile. Akanyanyuka akachukua kitenge chake.

Alipiga magoti mbele ya mama mkwe akamwonyesha pima maji. Akaiweka ukutani, akamwonyesha kiputo. Mama mkwe akatazama kwa adabu, akasema yeye hakijui hicho kichupa, hajawahi kukaa nacho. Fundi akamwonyesha mpira. Huo nao haujui. Ndipo Fundi akasema maneno ambayo sote tuliyasikia.

"Mama, nyumba hii ikiinama, iwe leo, iwe nikiwa mzee, nitakuja kuibomoa kwa mikono yangu, nikujengee nyingine."

Mama mkwe akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba tumletee mtumbwi wake.

Mtumbwi kwetu si wa kuvulia samaki. Ni gogo refu lililochimbwa, ndimo tunamokamulia ndizi, ndimo pombe inamolala mpaka iive. Mtumbwi wa mama mkwe ulikuwa na umri mkubwa kuliko mume wangu. Kutwa ulikaa nyuma ya msonge, na upande wa bonde umewekewa mawe chini, kwa sababu pombe ikilala upande mmoja itamwagika ikianza kuumuka. Mawe hayo aliyaweka yeye, aliyapunguza yeye, aliyaongeza yeye. Ndani ya mtumbwi mlikuwa na mstari mweusi uliozunguka ubao wote, ulioachwa na pombe za miaka, na kila mkamuaji alijua: ikigusa mstari huku na huku, imelala vizuri.

Wanaume wakaubeba wakaulaza katikati ya nyumba mpya, kwenye sakafu, bila jiwe. Nikamimina maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka yakakaribia mstari. Hapo Fundi akanishika mkono.

"Ngoja yatulie," akasema.

Tukangoja. Mama mkwe akainama kwenye ncha ya bonde, akatazama. Akatembea na fimbo yake mpaka ncha ya mlima, akainama, akatazama. Maji yalikuwa yamegusa mstari. Nikashusha pumzi. Lakini mama mkwe akanyoosha fimbo, akawaambia wanaume wamwage maji, wageuze mtumbwi, kichwa kiende palipokuwa na mkia, tujaze tena.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amefungua mdomo. Hakuna aliyemfundisha yule mama, na wala hakuwahi kufika duka lile la Kayanga. Tukageuza, tukajaza, tukangoja. Maji yakagusa mstari huku na huku.

"Basi kumbe ni mimi niliyezoea kulala nimeinama," mama mkwe akasema. Akaagiza tena mkeka wake.

Alihamia wiki ile ile bati lilipogongwa msumari wa mwisho. Alilalamika kichwa kwa siku chache, kisha akasahau. Masika yalipoingia, msonge ulianguka mchana mweupe, ndani hamna kitu ila mafiga na kuku mmoja aliyetoka amekasirika. Tulisimama kibarazani tukiwa wakavu, tukitazama nyasi zinavyolala, na mama mkwe alilia kidogo, maana ilikuwa nyumba yake ya ubibi harusi, kisha akacheka habari ya kuku. Kikohozi kiliisha. Aliishi miaka mingi katika chumba kile, na alipokufa alikufa kwa uzee, kitandani mwake, tukamzika kibanjani.

Fundi aliisimulia habari ya mtumbwi kila mahali. Lakini katika simulizi yake, ni yeye aliyempa mama wazo la kuugeuza. Sikumsahihisha hata siku moja.

Sasa mara ya mwisho nilipomwona vizuri ilikuwa miaka ya tisini, watoto wangu wameshaoa na kuolewa. Alikuja peke yake kutoka Bweranyange, kwa mguu, anapapasa njia kwa fimbo. Macho yalikuwa yamepata ukungu, mtoto wa jicho, na kazi alikuwa ameiacha. Alisimama mlangoni akapapasa kizingiti kwa unyayo, kama zamani.

Nilimpa kiti, hakukaa. Akaniambia amesikia.

"Mama Koku, wanasema nyumba yako imepata ufa."

Ni kweli ulikuwepo, juu ya dirisha la chumba cha mama mkwe, mwembamba, tulikuwa tumeshauzoea. Nani alimpelekea habari sijui. Nikamwongoza. Akaupapasa ufa kwa vidole, toka chini mpaka juu, polepole. Kisha akafungua kitenge mgongoni, kitenge kingine lakini pima maji ile ile ya mbao, akailaza kwenye ukingo wa dirisha.

"Mimi sioni tena," akasema. "Nisomee. Nilimwahidi marehemu."

Nikapiga magoti nikatazama. Kiputo kilikuwa kimekimbilia upande wa bonde.

Nilinyamaza. Mambo mengi yalinipita kichwani, na la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba huyu mzee ni mtu wa neno lake, ataniomba sururu sasa hivi aanze kunibomolea nyumba. La pili lilikuwa kumdanganya. Ingekuwa rahisi, hakuwa anaona. Lakini uso wake ulikuwa umenielekea, na aliusikia ukimya wangu kama alivyozoea kunifanya niusikie wake.

"Kimeenda wapi?"

"Upande wa bonde, Fundi."

Alishika ukuta. Sikuwahi kumwona mdogo vile. Mtu aliyejisifu mpaka msibani, amesimama anapapasa plasta. Akasema kwa sauti ya chini kwamba basi yule mama alikuwa amesema kweli, kichwa chake kilikuwa kinashuka, na yeye alimlaza hapo miaka yote hiyo.

Alikuwa amesahau. Uchungu ulimsahaulisha kazi yake mwenyewe.

"Subiri kwanza, Fundi," nikamwambia. "Nimeiuliza mara moja tu."

Nikaigeuza pima maji, ncha ya mlima ikaja bondeni na ya bonde ikaenda mlimani. Nikaiweka pale pale. Kiputo kikayumba, nikangoja kitulie. Kikatulia upande wa mlima.

Nilianza kucheka hata kabla sijamwambia. Nikamwambia. Akaniambia niigeuze tena, nikaigeuza, kikarudi bondeni. Niigeuze tena, kikaenda mlimani. Kiputo kilikuwa kinazunguka na ubao wake. Nyumba haikuwa na kosa, ni pima maji iliyozeeka. Akaichukua, akakipapasa kile kichupa, akakuta kimelegea na kinacheza kwenye tundu lake, akakumbuka kwamba wajukuu walikuwa wanaigongea vigingi vya mbuzi.

"Nilijua," akasema, na sauti ikarudi yote. "Nyumba yangu haiwezi kuinama. Huo ni ufa wa plasta, tia chokaa." Kisha, akinikabidhi pima maji kama mtu anayetoa takataka, akasema, "Hii nayo si ile ile. Imekuwa kama mimi."

Nilimletea mramba, ule mtamu, wa siku hiyo hiyo. Alipomaliza kunywa aliomba mkeka, maana njia ilikuwa imemchosha. Nikataka kumtandikia sebuleni, akakataa, akataka chumba kile kile. Akajilaza chali, kichwa upande wa mlima, fimbo pembeni, kofia ya sufu kifuani. Akafumba macho, kama mtu anayesikiliza.

"Hakishuki," akasema.

Kabla sijatoka mlangoni alikuwa ameshaanza kukoroma.